Mbuzi wa Ukweni na Nusu Pakiti ya Chumvi

Kuna watu huko Soweto East, Kibera, ambao mpaka leo wakikutana nami hunitazama usoni kidogo, halafu wanatazama chini, kana kwamba wanataka kujua kama nimekuja na mnyama, na mimi hujifanya napokea simu. Siwalaumu. Aibu hii niliipika mwenyewe nyumbani kwangu Kawangware, nikaikoroga kwa mwiko wangu.

Ilikuwa hivi. Nilitaka kumwoa Mwende. Watu wake ni Wakamba, wanakaa kwenye zile fleti mpya, ghorofa ya nne, na babake alikulia machungani kule Kitui kabla ya kuja Nairobi kufungua kiduka. Mzee alituma ujumbe kwamba mengine yote tutaongea polepole, lakini siku ya kwanza ya kubisha hodi nije na mbuzi mmoja, aliye hai, amwone kwa macho yake. Akiridhika, mazungumzo yanaanza. Asiporidhika, basi.

Mbuzi niliyempata alikuwa jike mpole, mwenye tabia nzuri kuliko watu wengi ninaowajua, lakini mwembamba (mbavu zake ungeziona ukiwa ng'ambo ya barabara). Nilimtumia Mwende picha, akanijibu kwamba babake anajua mbuzi wa mjini walivyo, nimlete tu. Ningemsikiliza hapo, leo ningekuwa sina la kusimulia. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kuonekana. Nilikuwa nimeshaazima koti la jirani, na nilikuwa nimeshamwambia mzee kwenye simu kwamba mimi ni msimamizi wa mjengo, ilhali kwenye mjengo huo mimi ndiye ninayesimamiwa. Sasa mtu mkubwa kama huyo afike na mbuzi wa mbavu?

Nikaenda kumlilia Kamau, yule jamaa wa buchari karibu na kwangu. Akacheka, akaniambia kwamba kuna wauzaji ambao asubuhi ya soko humpa mbuzi chumvi kidogo, anashikwa na kiu, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, na mnunuzi akija anaona afya. Alisema kidogo. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba alisema kidogo. Mimi nilirudi nyumbani nikachanganya nusu pakiti kwenye pumba, nikaongeza maji kidogo ishikane, na yule mbuzi maskini akala yote, akalamba hata sufuria.

Kiu iliyomshika sijawahi kuiona. Alimaliza ndoo, akanitazama, nikamwongezea, akamaliza, nikaenda kununua mtungi mwingine, na tumbo likawa linapanda upande huu na upande huu mpaka mbavu zikapotea kabisa. Nilisimama pale na koti langu la kuazima nikajipongeza. Kitu ambacho sikujiuliza (na shuleni baiolojia nilipita, msinicheke) ni kwamba mwili hauna kabati la kuwekea chumvi ya ziada. Lazima figo ziitoe, na haziwezi kuitoa ikiwa kavu, lazima itoke na maji. Maji yote niliyokuwa nikimimina mbele yalikuwa yakitafuta njia ya nyuma.

Alikojoa mara moja kwenye pikapu tukielekea Kibera, nikashukuru, nikajua amemaliza. Nilikuwa nimeandamana na mjomba wangu Barasa, mzee wa kuongea, ambaye ndiye angeniombea mke, na mjomba hakujua lolote kuhusu chumvi. Tulipofika, mzee wa Mwende akasema mbuzi asiachwe chini maana hapo chini hata kamba ya nguo huwa inapata miguu, basi tukambeba mpaka ghorofa ya nne, majirani wametoka milangoni kutazama, na nyuma yangu nilikuwa nasikia tumbo likitikisika maji.

Sebule ilikuwa imepambwa. Zulia jipya, vitambaa vyeupe kwenye viti, mama yake Mwende ameketi na leso mpya, shangazi wawili pembeni. Mbuzi akasimamishwa katikati ya zulia. Mjomba akasimama, akasafisha koo, akaanza kumsifu: tazameni tumbo hilo, tazameni ngozi inavyong'aa, kijana wetu hakutaka kuleta aibu, alimchagua kwa uangalifu kama alivyomchagua binti yenu. Na hapo hapo, kwenye neno binti, mbuzi akachuchumaa.

Jamani, mbuzi hukojoa, hilo kila mtu analijua, na mwanzo watu walitabasamu. Lakini mbuzi hukojoa akamaliza. Huyu hakumaliza. Tabasamu zikaisha, shangazi mmoja akainua miguu, na mbuzi bado, ametulia tu, macho yake mbali, huku zulia likilowa na mkojo ukipita chini ya meza kuelekea kwa mama mkwe. Nikachanganyikiwa. Nikavua lile koti, nikapiga magoti, nikaanza kupangusa mbele ya miguu ya mama mkwe, mahali ambapo mkwe mwenye adabu hata kukaribia hakaribii. Alivuta leso yake juu ya magoti, akageuza uso ukutani. Nilitamani sakafu ipasuke, nianguke mpaka ghorofa ya tatu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Alipomaliza, mbuzi alipata kiu upya. Kwenye kona kulikuwa na beseni la maji ya kunawa, maji ambayo Mwende alikuwa ameyapandisha mwenyewe ngazi zote zile kwa sababu mifereji ya jengo ilikuwa imekauka wiki nzima, na mbuzi akaenda moja kwa moja, akaingiza mdomo, akayanywa yote huku watu wote tukimtazama. Akageuka. Akachuchumaa tena.

Mzee wa Mwende aliinuka taratibu. Akamshika mbuzi kidevu, akachambua ndevu zake, akatoa chembe za pumba zilizokuwa zimekaukia hapo, akaziweka kwenye ulimi. Mimi bado nilikuwa magotini na koti lililolowa mkononi. Hakunitazama. Alimwambia mjomba wangu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mzee Barasa, mbuzi amepewa chumvi. Tukingoja maji yatoke tutajua ukubwa wake. Sasa nisaidie, huyu kijana naye, maji yakitoka, atabaki wa saizi gani?"

Mjomba akanigeukia. Nikasema ukweli wote nikiwa hapo hapo chini: koti si langu, na kwenye mjengo mimi hubeba mawe. Nyuma ya pazia la jikoni nikamsikia Mwende, naye alikuwa analia.

"Si nilikushow umlete tu vile ako," alisema.

Mzee aliamua mbuzi abaki, anyweshwe maji safi mpaka chumvi imtoke, na sisi tuondoke. Alisema nikitaka kurudi nirudi na nguo zangu. Nilishuka zile ngazi na fulana, majirani bado wako milangoni.

Nilirudi, ndiyo. Nilirudi na shati langu la kazini lililopigwa pasi, nikamkuta mbuzi amekonda kama nilivyomnunua, na mzee akatutazama sisi wawili kwa zamu, akasema sawa, sasa tuanze. Mwende ni mke wangu leo. Lakini zulia lile halikupona, mama mkwe hajawahi kulitaja wala hajanunua lingine, na kila nikienda kula pale chakula hutengwa mbele yangu na kopo la chumvi huwekwa kule mwisho wa meza, karibu naye. Kuna siku mboga huwa haina chumvi hata kidogo. Nainama, nakula, namaliza sahani. Sijawahi kuomba nipitishiwe, na sitaomba.