Viatu vya Kuazima na Alhamisi za Gwaride

Walisema sitaweza. Jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya chini, kijana aliyekuwa akipakia mizigo kwenye maghala ya Downsview, alicheka mpaka akashika ukuta. "Buda, wewe hata lifti unaogopa, ndio uwe ofisa wa jeshi?" Mama wa Kikongo wa mlango wa pili yeye alinionea huruma: "Mutoto, ile baridi itakuua bure." Naye mzee mwenye duka la viungo kule Agincourt, Muismailia aliyezaliwa Dar, alinipa ushauri huku akimpimia bibi yangu iliki: "Kijana, jeshi la wenyewe lile. Soma uhasibu, utanishukuru."

Leo, rafiki yangu, ninaandika haya nikiwa Morogoro, katika ofisi niliyoijenga mwenyewe, nikisikiliza malori yangu mwenyewe yakipashwa moto uani. Cheti cha chuo cha maofisa kiko ukutani, mahali ambapo kila anayeingia lazima akione. Nimekitundika pale makusudi. Wiki iliyopita jirani yangu, mama mwenye kijana wa kidato cha nne, alikitazama kwa muda kisha akauliza: "Hizi kambi za uongozi wa vijana, zinamsaidia mtoto kuingia chuo kama hiki, au wanakula hela zetu tu?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja. Badala yake nikajikuta nanusa rangi ya viatu.

Harufu ile ndiyo utoto wangu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikaa ughaibuni, North York, mama, bibi na mimi, katika jengo refu la matofali ya kahawia. Mama alikuwa kazini mara nyingi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi. Aliniamsha kwa chai ya maziwa, akanipikia chapati kwenye jiko la umeme ambalo kila siku alilitukana kwamba halina moto wa maana. Nikimjibu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi mpaka nirudie kwa Kiswahili. Na nikianza kujisifu, hata kwa alama za hesabu, alinikata palepale: "Acha kujitangaza, wewe si duka." Kwake, mtoto mwenye adabu hutazama chini, na kazi yake nzuri husemwa na wengine.

Alhamisi jioni nilikwenda kwa makadeti, vijana wanaofunzwa gwaride na nidhamu ya kijeshi. Ukumbi ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, hakukuwa na ada, na sare walitupa. Bibi alikubali aliposikia kwamba nitafundishwa kupiga pasi. Basi kila Jumatano tulitandaza gazeti jikoni, mimi nikisugua buti kwa kitambaa na matone ya maji, yeye akiikagua nazi ya pakiti kwa macho, maana alikuwa haiamini. Redio ilisema habari ambazo yeye hakuzielewa na mimi sikuzisikiliza. Sijapata kuwa na amani kama ile tena.

Mwalimu wetu wa kadeti alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Mchana aliendesha basi la shule. Kabla ya kuturuhusu kwenda nyumbani alikuwa na desturi yake moja. Alimwita mtu mbele ya wote na kusema, "Tuambie jambo ulilolifanya wewe." Wenzangu walilipenda hilo. Mimi nilitazama sakafu na kusema kikundi changu kilifanya vizuri, wenzangu walinisaidia sana, asante. Kila mara alinijibu lilelile: "Sijakusikia." Nilidhani ana matatizo ya masikio kama bibi.

Nilipofika miaka kumi na sita tulipelekwa kambi ya majira ya baridi kaskazini mwa mji. Kulikuwa na mashindano ya kuvuta mizigo kwenye theluji hadi bendera iliyokuwa ng'ambo ya ziwa, na mimi nilipewa kikundi cha watano. Tulikuwa wa kwanza. Bendera tuliiona. Ndipo aliyekuwa mdogo kuliko sote akakanyaga barafu nyembamba ya kijito, buti likajaa maji. "Niko sawa," akasema, meno yakigongana. Niliwageuza tukarudi kambini. Walinitukana njia nzima, naye yule mwenye buti la maji alinitukana kuliko wote. Tulihesabiwa wa mwisho.

Alhamisi iliyofuata mwalimu aliniita mbele. Nikasema tulichoka tukarudi. Alinitazama kidogo. "Sijakusikia," akasema. "Ukiwa tayari utakuja kuniambia."

Mwaka uliofuata niliomba chuo cha maofisa, na wakaniita kwenye usaili katikati ya mji. Hapo ndipo wale waliosema sitaweza walipoanza kugonga mlango wetu. Mkenya alileta suti yake ya harusini: "Usiniaibishe, buda. Hiyo suti imeona mengi." Mama wa Kikongo alileta tai ya marehemu mumewe: "Hii njo kravate ya baba. Usimwange chai juu yake." Mzee wa Agincourt alitoa viatu vyeusi kutoka chini ya kaunta, akanipimia kwa kiganja. "Uhasibu bado upo," akanikumbusha.

Mbele yangu alikaa ofisa mmoja mwenye mvi na kalamu. Nilimpangia vyeo vyangu vyote vya kadeti, beji, kambi, miaka mitano ya Alhamisi. Akasikiliza kwa adabu. "Karibu kila anayekaa hapo amepita huko," akasema. "Hatumpi mtu nafasi kwa beji. Nieleze siku uliyoongoza."

Nikaanza. Wenzangu walikuwa hodari. Kikundi kilishirikiana. Mwalimu alitufundisha vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vya mzee wa Agincourt. Yule ofisa akaweka kalamu mezani. "Nimewasikia wote," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilijua kwamba nikiendelea hivyo nitatoka pale mikono mitupu, na viatu vile nitavirudisha kwa aibu. Nikainua macho. Nikamwambia habari ya ziwa, bendera, buti la maji. "Mimi ndiye niliyewageuza," nikasema. "Walinichukia. Ningewageuza tena." Akachukua kalamu.

Kwa hiyo yule mama wa Morogoro nilimjibu hivi: kambi haimwingizi mtoto chuoni. Inampa jambo la kweli la kusema, na ikiwa na mwalimu mzuri, inamzoeza kulisema. Akaniambia kwamba mimi mwenyewe nimezoea sana kujitangaza. Nakubali.

Bibi hayupo tena. Jengo letu limepakwa rangi ya kijivu, duka la Agincourt sasa linauza simu, na ukumbi wa gwaride, nilipopita miaka ile ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Sijui kama kuna mtoto anayetandaza gazeti jikoni siku ya Jumatano.

Siku ile chuo kilipopiga simu kwamba nimechukuliwa, bibi aliniambia nipashe pasi. Chuo kingenivisha chenyewe hadi soksi. Vya watu vilipaswa kurudi. Alhamisi hiyo nilinyoosha suti ikawa na mikunjo mikali kama mpya, nikang'arisha viatu mpaka ukaweza kuhesabu taa za dari ndani yake. Nikaingia kwenye lifti peke yangu. Mkenya alifungua mlango, akatazama suti, akatazama nyuma yangu. "Umekuja na lifti?" Nikamwambia ndiyo. Akanipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Mama wa Kikongo aliinusa ile tai akalia kidogo. Mzee wa Agincourt alivigeuza viatu, akavigeuza tena, akasema alipovitoa havikuwa hivi.

Alibaki mmoja. Jioni niliingia ukumbini, nikaenda mbele bila kuitwa, nikamtazama mwalimu machoni. "Kule ziwani hatukuchoka," nikasema. "Mimi ndiye niliyewageuza."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa kaa, kuna wengine."