Mgongo wa Yaya

Mguu wangu wa kushoto ulikauka kabla sijajua kukimbia. Mama aliniambia ilikuwa homa tu, kama wanazopata watoto wote wakati wa mvua. Ilipotoka aliniweka chini nisimame, nikaanguka. Akaniinua, nikaanguka tena. Baba alitoka nje, akakaa juu ya rundo la matofali, na siku hiyo hakula.

Baba alikuwa fundi wa kujenga. Yeye na mama walitoka kaskazini ya Katanga kuja Elisabethville, maana mji ulikuwa unajengwa kila upande na mikono ilitakiwa. Alijenga nyumba nyingi za Wazungu zenye baraza na madirisha makubwa. Sisi tulikuwa na chumba kimoja katika mtaa wa Kamalondo. Nilipokuwa bado mdogo kifua kilimkamata baba, akakohoa msimu mzima wa kiangazi, akafa. Baada ya hapo hata kile chumba tulikigawa kwa pazia, familia nyingine ikakaa upande wa dirisha.

Tukabaki watatu: mama, mimi na yaya. Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Wangu alikuwa msichana mwembamba, mwenye maneno machache. Mama alifua nguo za watu tangu asubuhi hadi jua kuzama, kwa hiyo kazi ya kunibeba ikawa yake.

Alinifunga mgongoni kwa kitambaa kama mtoto mchanga, hata nilipokuwa mkubwa na miguu yangu ikining'inia hadi magotini pake. Njia nzima ya kwenda shule ya misioni nilikuwa na shingo yake mbele ya macho yangu, na sikio lake, na nywele zilizosukwa na mama. Watoto walitufuata wakiimba nyimbo za kutucheka. Yeye hakugeuka. Mara moja tu nilimsikia akiwajibu.

"Mucheke tu. Shiye tuko tunaenda kusoma."

Alisema "tuko tunaenda", lakini hakusoma. Mama hakuweza kupeleka watoto wawili, na wa pili asiye na mguu angefanya nini maishani kama hajui kuandika? Kwa hiyo yaya alinishusha kwenye mlango wa darasa, akaenda kukaa nje kuningoja.

Mtawa mmoja wa Kizungu, masera mzee, alimwona pale kila siku, akampa ufagio. Tangu hapo yaya alifagia kanisa wakati mimi nikisoma. Masomo yakiisha alikuja kunichukua, akaniweka kwenye benchi, akamaliza kazi yake.

Nyuma ya altare kulikuwa na chumba kidogo ambamo yule masera alitengeneza sanamu za watakatifu. Zilitoka Ulaya katika masanduku yenye majani makavu, nyingine zimevunjika pua au vidole. Alizijaza plasta, akazipaka rangi upya. Rangi zilikaa katika vikopo vidogo mezani, na mimi sikuwa nimeona buluu ya namna ile popote, hata angani. Siku moja mkono wake ulitetemeka kwa uzee, wekundu wa mdomo wa Maria ukateleza mpaka kidevuni. Nikacheka. Yaya akanitolea macho. Masera akaninyooshea brashi.

"Weye, mukono yako haitetemeke?"

"Hapana, Masera."

"Basi, kuja."

Sikuweza kwenda peke yangu. Yaya aliacha ufagio, akanibeba mpaka mezani, akanishika kiunoni nisianguke. Nikapaka mdomo wa Maria huku nikisikia pumzi ya yaya kichogoni mwangu. Nilipomaliza, masera aliiweka ile dirishani ikauke. Alileta sanamu nyingine.

Basi nikajifunza hivyo. Miaka ile nilipaka nyuso za Maria nyingi sana: mashavu ya waridi, pua nyembamba, macho yanayotazama chini. Nyumbani nilichora kwa makaa sakafuni, na mama alifuta kila jioni kwa sababu tulilala hapo.

Kisha yaya akaposwa na mchimbaji wa mgodi wa Kipushi. Kabla ya kuondoka alimwomba seremala jirani anitengenezee magongo mawili, akanisimamisha uani.

"Kwenda mpaka ku mulango."

Nilikwenda, nikaanguka njiani. Hakuja kuniinua. Alisimama tu, mikono ameifunga kifuani.

"Simama, mudogo yangu. Kesho miye siko hapa."

Nilisimama. Kesho yake lori lilimchukua.

Nami nikapata kazi kwa fundi aliyeandika vibao vya maduka ya Wagiriki. Niliketi juu ya sanduku nikapaka herufi, viatu, mikate, chupa za bia. Yaya alikuja kututembelea mara mbili. Mara ya pili alikuwa na binti mgongoni, mwenyewe amenenepa kidogo, na mama alifurahi kuona hivyo.

Habari ilikuja na dereva wa lori. Alivua kofia mlangoni, akasema yaya alikuwa akizaa mtoto wa pili, damu ikakataa kusimama. Mtoto naye hakuishi. Walikuwa wameshawazika. Mama alikuwa anakunja nguo za watu. Alikunja ile iliyokuwa mkononi, akaiweka juu ya nyingine, akazinyoosha zote kwa kiganja, halafu ndipo akaanguka chini na kulia.

Kilio kilipokwisha na watu wakarudi kwao, mama alikuja kukaa karibu nami.

"Hatuna foto yake hata moya. Weye uko unachora batakatifu. Unichorie mutoto wangu."

Nilichukua ubao wa sanduku la sabuni, nikautengeneza kwa rangi nyeupe, nikaanza. Uso ukatoka. Mama aliutazama akatikisa kichwa.

"Huyu ni Maria."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimempaka rangi yetu, nimempanua pua, lakini alikuwa Maria. Nilifuta, nikaanza tena. Akatoka Maria mwingine, analia. Mkono wangu haukujua uso mwingine wa mwanamke, na nilipofumba macho kumtafuta yaya, niliona kitambaa, na shingo, na ile njia ya vumbi mbele yetu. Nilipigana na ule ubao mpaka mvua zikaanza. Kuna siku niliulaza kifudifudi nikalia kwa hasira.

Mwishowe nilimchora nilivyomjua, kutoka mgongoni. Shingo yake, imeinama mbele kidogo. Sikio. Mistari ya nywele. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kwa sababu ya uzito wangu.

Mama alisimama mbele ya ubao. Akagusa lile bega, rangi haijakauka, ikabaki kwenye kidole chake.

"Ni yeye," alisema. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anachoka."

Tuliutundika juu ya kitanda chake.

Jirani mmoja aliuona. Alikuwa amefiwa na mumewe, naye hakuwa na picha. Akaniomba. Baada yake akaja mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mchoraji, kwa kuchora wafu wa watu. Baadaye Wazungu walinunua kwangu picha za mto na za vichuguu, nikaweza kumtoa mama kwenye kazi ya kufua, lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupinda.

Binti wa yaya alilelewa Kipushi na nyanya yake, mama wa baba yake. Alikuwa na meno mapya ya mbele alipoletwa kwetu mara ya kwanza. Aliona ubao ukutani.

"Iko nani?"

"Mama yako," nilisema.

Aliomba tumshushie. Mama akamshushia. Mtoto aliushika kwa mikono miwili, akautazama mgongo ule, halafu akaugeuza aone uso upande wa pili. Kulikuwa na mbao tupu, na misumari. Akageuza tena. Akanitazama mimi, hajaelewa.

Mama akamvuta, akamkalisha juu ya mapaja yake, akaanza kumweleza: macho yalikuwa hivi, paji la uso hivi, kidevu kina kishimo kama chako, gusa. Akafungua mdomo wake mwenyewe kumwonyesha mahali pa lile jino la yaya lililopanda juu ya jingine.

Mimi nilikuwa nimelisahau. Niliegemea magongo yangu, nikasikiliza pamoja na mtoto.