Simba Mwenye Manyoya Mengi

Picha ilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa darasani Voi. Simba dume amelala kando ya lami. Chini yake maandishi: "TAHADHARI. Simba yuko Miasenyi. Amekula mtu. Tuma kwa wote."

Nilifurahi kidogo, nakiri. Nafundisha uandishi wa habari katika chuo kidogo, na somo la siku hiyo lilikuwa habari za uongo. Niliirusha picha ukutani kwa projekta nikawauliza wanafunzi wanaona nini.

"Ticha, huyu ametoka saluni," kijana mmoja wa nyuma alisema, na darasa zima likacheka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Simba dume wa kwetu ana shingo karibu tupu, kama jike aliyenenepa. Huyu alikuwa na manyoya mengi hadi kifuani. Mwingine akaonyesha udongo wa kando ya barabara. Ulikuwa wa kijivu. Huku kwetu udongo ni mwekundu, hata mbuzi na tembo hugeuka wekundu.

"Basi ni uongo," kijana wa saluni alisema. "Tuandike ni uongo, tumalize, twende chai."

Msichana mmoja hakucheka. Amelelewa na shangazi yake huko Miasenyi, na kibanda cha chai cha shangazi, pale madereva wa malori wanaposimama, ndicho kinachomlipia karo. Alisema shangazi amekifunga kibanda tangu Jumatatu kwa kumwogopa simba huyo. "Amesema akikaa hivyo hadi mwisho wa mwezi, mimi nirudi nyumbani."

Hapo furaha yangu ikapungua. Nilianza kuushuku wepesi wetu. Tulikuwa tumeikataa picha, lakini picha si habari. Mtu anaweza kubandika picha ya uongo juu ya jambo la kweli.

Darasani kwangu kuna desturi moja: ujumbe hufuatwa kinyumenyume, kwa simu, na kila aliyeutuma huulizwa maswali mawili. Umeona kwa macho yako? Umeutoa wapi? Msichana aliupata katika grupu la ukoo wao, kwa mjomba wake anayelima kabichi Werugha, juu milimani. Akampigia, akaweka sauti ya juu tusikie sote.

"Shikamoo mjomba. Huyo simba umemwona?"

"Marahaba. Mimi niko huku kwenye ukungu, simba nimwonee wapi? Nimeletewa na katibu wa kwaya. Katibu wa kwaya anaweza kusema uongo?"

"Na huyo mtu aliyeliwa ni nani?"

"Hiyo niliongeza mimi. Simba mkubwa vile, atakuwa amekula mtu tu."

Katibu wa kwaya anakaa hapa Voi. Mjomba alitupa namba, nikampigia mimi, sauti ikiwa juu vilevile. Hakuona haya hata kidogo. "Picha nilitafuta nikaweka, mwalimu. Bila picha watu hawasikii. Wakisikia wanajihadhari, kuna ubaya gani?"

"Na habari yenyewe uliitoa wapi?"

"Kwa rafiki yangu wa Miasenyi, yule wa kibanda cha chai. Alinitumia sauti."

Msichana alishika mdomo. Kijana wa saluni hakuwa na mzaha.

Jumamosi tulikwenda Miasenyi, msichana, kijana huyo na mimi. Kibanda kilikuwa kimefunikwa turubai. Malori yalipita bila kupunguza mwendo. Shangazi alitukaribisha ndani ya nyumba, mlango akaufunga nyuma yetu, akatumiminia chai bila kuombwa. Nikamwekea ile sauti aisikie, niliyotumiwa na katibu.

"Dada, nimeona alama ya mnyama karibu na mtaro. Si ya mbwa. Waambie wenye watoto huku wasiwapitishe hapo jioni."

"Mbona hiyo ni sauti yangu?" shangazi alisema.

"Ni yako, shangazi," msichana alijibu. "Ndiyo hiyo ilirudi."

"Hapana. Iliyorudi ilikuwa na simba! Na mtu ameliwa! Nilisema, kumbe kuna mwingine ameona, kumbe ni kweli." Alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani kati yetu anayemdanganya. "Kwa hivyo nimejiogopesha mwenyewe?"

Kijana alitazama kikombe chake.

Tulikwenda mtaroni. Mbuzi walikuwa wamepakanyaga pote. Tuliuliza majirani, tukauliza katika zahanati: hakuna aliyeliwa, hakuna aliyeumia, hakuna mwingine aliyeona chochote. Nikamuuliza shangazi kama ana hakika na alama ile.

"Nimezaliwa hapa, mwalimu. Mguu wa mbwa naujua. Huo haukuwa wa mbwa. Wa nani, sijui."

Kijana alitaka bado tuandike ni uongo. Nilimwambia akiandika hivyo na kesho mtoto akakutwa pale mtaroni, ataandika nini? Kwa hiyo tuliandika hivi: picha si ya Miasenyi, hakuna mtu aliyeliwa, mtu mmoja ameona alama asiyoijua, na sisi hatukuweza kuithibitisha, watoto wasipite mtaroni jioni. Msichana akaituma katika grupu la ukoo. Mjomba wa Werugha alijibu upesi: "Sasa mnasema yupo au hayupo?"

Shangazi aliisoma mara mbili, polepole. Kisha akaenda akafungua kamba ya turubai. "Nitauza chai," alisema. "Ila jua likianza kushuka, nafunga. Na wewe," akamgeukia msichana, "Jumatatu uwe shule."

Siku nyingine, baada ya hapo, alinitumia ujumbe. "Mwalimu, leo nimeletewa chui. Sijamtuma kwa mtu. Nimemuuliza aliyenitumia kama amemwona kwa macho. Amekasirika, hanisalimii."

Nilimuuliza kama kibanda bado kiko wazi. Akanijibu kwa picha: sufuria ya chai motoni, na tairi la lori pembeni. Niliikuza kwa vidole viwili, nikatazama chini ya tairi. Udongo ulikuwa mwekundu.