Korongo la Mzee Machibya

Mzee Machibya alikuwa mbishi, na sisi majirani tulimpenda hivyohivyo. Kwa miaka ishirini na sita aliongoza chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, huku Kiseke, juu kwenye mawe. Akifa mtu, yeye ndiye aliyefungua stoo ya turubai na masufuria na kupanga vijana wa kuchimba kaburi. Kanuni aliiandika kwa mkono wake: chama kinamzika mkazi wa mtaa huu tu, na mtaa unaishia kwenye korongo.

Obedi wa ng'ambo ya korongo alipofiwa na mama yake, alikuja kuomba angalau turubai. Machibya akamjibu, "Pole sana, lakini mpaka ni mpaka." Nilikuwepo. Nilinyamaza, maana kubishana na Machibya ni kujitafutia homa.

Mwaka juzi ikaamuliwa mitaa midogo iunganishwe. Wetu ukaunganishwa na ule wa juu, na wapimaji wakaja kuuliza tunaishia wapi upande wa chini. Nani mwingine wa kuwajibu? Machibya akavaa koti lake la kanisani, akawaambia, "Andikeni korongo." Wakaandika. Hakuna aliyekumbuka, hata yeye, kwamba mvua kubwa zilikwishalihamisha lile korongo. Zamani lilipita upande wa chini wa nyumba yake. Siku hizi linapita upande wa juu, nyuma ya choo chake. Tulishazoea kuliruka tukienda kumsalimia. Ramani ilipobandikwa, mwenyekiti wetu wa chama alikuwa mkazi wa mtaa mwingine.

Alikwenda ofisini mara nne, akaambiwa ramani imeshapitishwa. Hakuhangaika kwa ajili yake mwenyewe. Mkewe Rebeka, aliyepika katika misiba yetu yote, alikuwa kitandani, miguu imevimba.

"Atazikwa na nani?" aliniuliza.

Nikamwambia asiwaze mambo hayo, sisi tupo. Nilisema uongo, na nilijua.

Rebeka alifariki Jumanne asubuhi. Machibya aliruka korongo kwenda kwa Suzana, katibu wa chama, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa stoo.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba turubai."

Suzana alianza kulia kabla ya kujibu. "Mzee wangu, kwenye kamati sasa wengi ni wa mtaa wa juu. Hawakujui. Wamesema kanuni ifuatwe." Akamwonyesha daftari. "Ni mwandiko wako, mzee."

Machibya aliusoma mwandiko wake, akalifunga daftari taratibu, akaondoka.

Tulikwenda msibani mmojammoja kama wageni, tukakaa juani kidogo, tukarudi kula kwetu. Naona aibu kuyaandika haya. Katika mtaa wake mpya hakuna aliyemfahamu, isipokuwa Obedi. Obedi alileta mzigo wa kuni, akautua mlangoni, akakaa na mfiwa mpaka mwisho. Nadhani hilo lilimuumiza Machibya kuliko yote tuliyomtendea sisi.

Kaburi lilichimbwa na vibarua kutoka Igogo. Walipomaliza, mmoja wao alishika msalaba na brashi ya rangi, akauliza kwa heshima, "Mzee, marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza hivyo kwenye kaburi la mtaa wetu. Machibya alikaa juu ya udongo uliochimbwa, akashindwa kulitaja jina la mkewe.