Bustani Isiyo na Ukuta

Nimekuwa mlinzi Johannesburg miaka ishirini, na kwetu mtaa wa Bertrams kila nyumba ina ukuta na waya wa umeme. Kwa akili hiyo nilikwenda Italia mwezi uliopita, kwaya yetu ilipoalikwa kuimba.

Siku ya mapumziko, mimi, Mama Neema na mwenzetu mmoja tulizunguka kijiji kimoja kando ya ziwa. Tukakuta bustani yenye meza na milimau mbele ya nyumba iliyofungwa. Hapakuwa na geti.

"Mzee Kabeya, hapa si kwa mtu?" Mama Neema aliuliza.

"Kwa mtu, bila ukuta? Kaeni. Mageti ni kazi yangu."

Nikavua viatu, nikachuma malimau mawili. Akaja bibi mwenye kikapu, akasimama akitutazama. Nikampungia mkono aende, hakuna nafasi.

Bibi akatupita, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa ile nyumba. Alirudi na kisu na sahani, akaviweka mbele ya malimau yake.

"Eish, Mzee," Mama Neema akanong'ona, "leo wewe ndiye wa kuitiwa mlinzi."

Nami nilikuwa chini ya meza, natafuta kiatu cha pili.