Nilikiri Kosa Langu Melini, Wakakataa Kuniamini

Umewahi kuwabembeleza watu wakuadhibu, nao wakakataa?

Mimi imenipata. Nilisimama mbele ya wakubwa wa meli, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Ni mimi niliyefanya," wakacheka.

Na wakati wanacheka, walikuwa wanamfukuza kazi mtu asiye na kosa. Mtu ambaye, kwa taarifa yako, alikuwa hanipendi hata chembe.

Tulia nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina digrii ya maendeleo ya jamii, na kazi hakuna. Nikapata nafasi ya mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii. Hoteli inayoelea. Ghorofa kumi na moja, abiria elfu mbili, bwawa la kuogelea juu, ukumbi wa muziki katikati, na sisi wahudumu chini kabisa karibu na injini.

Nilijiambia kwamba hata kumtandikia mtu kitanda ni kuhudumia jamii. Usinicheke. Nilikuwa naamini hivyo, na bado naamini.

Nilipangiwa korido ya ghorofa ya pili pamoja na mama mmoja tuliyemwita Bi Spana. Alikuwa na miaka kumi na saba baharini, na spana haikutoka kwenye mfuko wa aproni yake hata akienda kula.

Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zangu zote. "Shikamoo, mama."

"Mama yako nani? Mimi nina wanangu watatu, na wote wanajua kukunja shuka. Wewe unakunja kama unafunga mzigo wa kuni."

Tangu hapo jina langu likawa Digrii. "Digrii, choo hakisuguliwi kwa cheti." "Digrii, hayo mawazo yako yaweke kwenye ndoo, tumwage." Kutwa nzima.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kisa.

Vyumba vya ghorofa ya pili viko karibu sana na maji. Dirisha la kila chumba ni la duara, kioo kinene, na juu yake kuna kifuniko cha chuma chenye bawaba. Bahari ikichafuka, unakishusha kifuniko juu ya kioo na kukaza bolti tatu kwa spana. Chumba kinakuwa giza kama stoo. Lakini wimbi likivunja kioo, maji yanaishia hapo.

Kazi hiyo inafanywa na watu wawili. Mmoja anafunga, mwenzake anakagua na kusaini fomu. Aliyefunga hasaini. Jina lililo kwenye fomu ndilo linalobeba kila kitu.

Siku yenyewe, saa sita mchana, vipaza sauti vikatangaza: dhoruba inakuja, fungeni madirisha yote ya chini.

Nikaanza kufunga. Bi Spana akaja nyuma yangu, kila chumba anakaza tena nilichokaza.

"Hiyo mikono umeiazima?"

Tukafika chumba 218. Humo walikuwemo wazee wawili, mume na mke, niliowazoea sana. Waliniita mjukuu, nami nikawaita Babu na Bibi. Bibi alipoona nashika kifuniko, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, usinifunikie. Nikiwa mtoto niliangukiwa na ukuta wa nyumba. Nilikaa chini yake siku nzima. Giza siliwezi."

Nikakiachia kifuniko. Bi Spana akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akashusha kifuniko mwenyewe, akakaza.

"Bibi, unataka mwanga au unataka kuishi?"

Kisha akanigeukia. "Haya, na wewe kagua upesi." Nikakagua. Akanipokonya fomu kabla sijapata kalamu. "Nipe hapa, unatuchelewesha." Akasaini yeye aliyefunga, kinyume cha kanuni, akatoka. Kwa hiyo jina lililokuwa kwenye chumba 218 lilikuwa lake.

Babu akamsindikiza kwa macho. "Yule mwanamke ana moyo kweli?"

Saa saba na nusu nilirudi kuwapelekea mifuko ya kutapikia. Bahari ilikuwa imeshaanza fujo. Nikamkuta Bibi amejikunja sakafuni karibu na mlango, taa zote zimewashwa, anahema kama mtu aliyetoka kukimbizwa.

Moyo wangu haukuvumilia.

Kwenye kabati la mashuka kulikuwa na spana ya akiba. Nikaichukua. Nikalegeza bolti tatu, nikakiinua kifuniko.

"Nusu saa tu, Bibi. Nikirudi nafunga."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu."

Niseme ukweli. Nilitoka kwenye chumba kile nikijiona malaika.

Nusu saa haikuisha. Redio ya mkononi ikalia: wahudumu wote juu, haraka!

Huko juu palikuwa hapatamaniki. Kabati la sahani limeng'oka ukutani. Piano imekatiza ukumbi mzima na kutoboa mlango wa kioo. Maji ya bwawa yanashuka kwenye ngazi na viti vya plastiki. Abiria wanalia, wengine wanatutukana sisi, kana kwamba upepo tumeuleta sisi.

"Tumekuja kupumzika, mnataka kutuua!" bwana mmoja alinifokea, huku nikimfuta matapishi kwenye kiatu.

Chumba 218 nilikikumbuka mara mbili. Mara zote mbili nikajiambia, namalizia hili kwanza.

Saa tisa na dakika kumi likaja lile wimbi.

Meli ilitikisika kama imegongwa na treni. Taa za chini zikazimika. Mtu akapiga kelele kwenye redio: "Maji ghorofa ya pili! Maji ghorofa ya pili!"

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nilipofika koridoni maji yalikuwa magotini, viatu na mabegi vinaelea, na Bi Spana yuko mbele yangu anaupiga mlango wa 218 kwa bega.

Ukafunguka. Akaingia, akatoka na Bibi mgongoni, damu inamtiririka mzee wa watu kuanzia kwenye paji la uso. Babu akafuata akitambaa. Bi Spana akanitwika Bibi, akarudi ndani peke yake. Kila wimbi lilipopiga, dirisha lilikuwa linatapika maji kama bomba la zimamoto. Akakisukuma kifuniko kwa bega mpaka kikakaa, akakaza bolti tatu gizani, mikono imechanwachanwa na vioo.

Alipotoka alisema neno moja tu.

"Nilikikaza."

Hakuniambia mimi. Alijiambia mwenyewe.

Kesho yake asubuhi bahari ikatulia, na wakubwa wakaketi kwenye bwalo la wafanyakazi. Mkuu wa Vyumba, ofisa wa usalama, na ile fomu juu ya meza, imekauka na kujikunja. Bibi alikuwa zahanati ya meli, mkono umevunjika, nyuzi kumi na nne usoni. Vyumba ishirini na viwili vimeharibika.

Ofisa wa usalama akasoma maelezo ya Babu na Bibi.

"Kifuniko hakikufungwa kabisa. Yule mama mkali aliingia, akasaini bila kukigusa, akaondoka."

Walikuwa wamedanganya. Wamedanganya ili kunikinga mimi.

Mkuu wa Vyumba akamtazama Bi Spana. "Jioni tunatia nanga. Utashuka na mizigo yako. Na cheti chako cha usalama kinafutwa."

Cheti kikifutwa, hakuna meli nyingine itakayokupokea. Kila mtu bwaloni alilijua hilo.

Nikasimama. "Ni mimi. Niliwafungulia saa saba na nusu, kwa spana ya akiba."

Mkuu wa Vyumba akacheka, wengine wakafuata.

"Digrii, kaa chini. Mwezi uliopita ulisema wewe ndiye uliyevunja glasi arobaini. Baadaye tukagundua ni yule dobi, ulimwonea huruma."

Ni kweli. Nilifanya hivyo.

"Safari hii ni kweli, bosi! Tazameni kamera!"

"Kamera za koridoni zinawaonyesha wote wawili mkiingia na kutoka kila chumba mchana kutwa," ofisa wa usalama akasema. "Na mashahidi wamesema kifuniko hakikufungwa."

Bi Spana akapiga meza kwa ule mkono wenye bandeji. "Mwaminini! Tangu aingie meli hii ndiyo kwanza kasema neno la maana, nanyi mnakataa!"

"Wewe nyamaza. Lazima umuunge mkono, anakuokoa," Mkuu wa Vyumba akamkatiza.

Tulipotoka nje, Bi Spana akanibana ukutani. Hakuwa anafoka, na hapo ndipo niliogopa.

"Unaona ulivyoniweka? Huruma umewapa wao. Uso umemkatika bibi wa watu. Kazi nimepoteza mimi. Wewe umepoteza nini? Hebu niambie."



Nikaenda zahanati. Nesi akanipa dakika kumi.

Babu alichangamka kwa furaha aliponiona. Akaninong'oneza, "Tumekuokoa, mjukuu wangu. Tumemsukumia yule katili."

"Babu, tafadhali, nenda ukaseme kweli. Yule mama ndiye aliyewatoa majini."

"Ni kazi yake. Alimwambia mke wangu maneno gani? Hukusikia?"

"Babu, alikuwa na haki."

Bibi, kichwa kizima bandeji, akanishika vidole. "Wewe ni mtoto mwema. Hatuwezi kukuponza. Usituombe tena."

Nikaomba. Nikapiga magoti. Nikalia. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kunipenda. Nikaangalia saa ya ukutani. Saa sita kasoro.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wale wazee wasingenisema maadamu wananipenda.

Nikainuka. Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wa Bibi.

"Mnadhani niliwafungulia kwa sababu nawapenda?"

Sauti yangu sikuitambua.

"Kelele zenu zilinichosha. Kengele yenu hailali. Nilifungua ili mninyamazie nifanye kazi zangu. Nyie ni wazee waongo, na mimi sina babu wala bibi humu ndani."

Bibi akageuza uso ukutani. Taratibu, kwa sababu ya zile nyuzi.

Babu akasimama. "Toka."

"Sitoki."

"Toka, shetani wewe! Nesi! Niletee karatasi. Niletee yule ofisa. Nataka kuandika upya!"

Akaandika. Saa saba na nusu, spana, bolti tatu, "nusu saa tu, Bibi." Akaandika kwamba walisema uongo kunificha na sasa wanajuta. Mstari wa mwisho ulisema: binti huyu hana utu.

Wakubwa waliamini kila neno.

Jioni meli ilipotia nanga, aliyeshuka na mizigo alikuwa mimi.

Bi Spana alikuwa chini ya ngazi, anakusanya beji za wanaoondoka. Nikampa yangu.

"Usisubiri asante," akasema. "Jina lilikuwa langu tangu mwanzo. Huwezi kunipa zawadi ya kitu changu."

"Sijaomba asante."

"Vizuri."

Mara wakamshusha Bibi kwa kiti cha magurudumu, gari la wagonjwa linamsubiri. Babu anatembea kando yake, mkono begani kwake. Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nilitaka nimwambie tu, Bibi, yale maneno si yangu.

Bi Spana akanikamata kola kwa nyuma.

"Unaenda wapi?"

"Kuomba radhi."

"Ukiomba radhi watakuhurumia. Wakikuhurumia watabadilisha maneno yao tena, na mimi nitarudi kule kule. Ripoti haijafika ofisini." Akanivuta. "Simama hapo hapo, Digrii, uchukiwe."

Nikasimama.

Kile kiti kikapita umbali wa hatua mbili. Bibi alinitazama mara moja kwa jicho lililokuwa zima, kisha akamwambia Babu wamgeuzie upande wa pili.

Sijawaona tena.

Ni miaka miwili sasa. Ile ripoti ilishafungwa, wala hakuna wa kuifungua, ndiyo maana naandika. Cheti changu hakikufutwa, maana jina kwenye fomu halikuwa langu; mwezi huu nimeanza mafunzo ya usalama wa meli, na nikimaliza narudi baharini. Huruma yangu sijaitupa. Ila nimejifunza jambo moja, na wewe uliyesoma mpaka hapa ondoka nalo: kabla hujamtendea mtu wema, uliza kwanza ni nani mwingine amesimama chini ya wema huo, maana siku wema huo utakapomwangukia, huenda wewe hutakuwepo.

Na Bibi, kama kuna mtu anakusomea hii: nilifungua kwa sababu nilikupenda. Sikupaswa kufungua.