Nilivyobishana na Mwanafalsafa wa Korbesa

Safari nzima ilinigharimu siku tatu, beberu mmoja wa zawadi, na sehemu kubwa ya ubishi wangu. Nilikwenda Korbesa kumrudisha binti yangu Saadia, aliyeacha masomo ya uhasibu katikati ya mwaka akaenda kumwandikia mzee mmoja mawazo yake. Chuo kilitaka awe amerudi Ijumaa, au mzazi asaini fomu ya kumwahirishia masomo. Mimi kusaini sikuwa na nia.

Mzee huyo huitwa Mwalimu Galgalo. Alifundisha falsafa ng'ambo miaka mingi, akarudi kwao macho yakianza kuzima. Vitabu vyake husomwa mbali. Isiolo tunamjua kama yule mzee ambaye ukimwuliza bei, naye anakuuliza swali.

Jumatatu alfajiri niliondoka Isiolo kwa lori la unga. Dereva alidai nauli ya watu wawili, eti beberu naye amechukua nafasi. Nikamwambia huyu hatakuomba usimame akojoe. Tukaelewana: mtu mmoja na nusu.

Merti tulifika alasiri. Nikachukua bodaboda, beberu mapajani, akilalamika mpaka mwisho.

Korbesa, nilimkuta Mwalimu mbele ya nyumba yake ya mabati, redio sikioni. Saadia alikuwa kando yake, ameshafika daftari la nne.

"Salaam aleikum, Mwalimu."

"Aleikum salaam. Huyo beberu ni wa kunisalimia au wa kunihonga?"

"Yote mawili."

"Angalau husemi uongo. Karibu chai."

Kwenye chai akanisimulia maisha yake. Baba yake alisimamia zamu kisimani wakati wa kiangazi. Tajiri wa ngamia mia alisubiri kama mwenye mbuzi watatu, na hakuna aliyepita zamu ya mwenzake bila kumwomba. Huko ng'ambo alisoma wanafalsafa walioandika kwamba mtu si chombo cha mtu mwingine. "Nikadhani wamewahi kunywesha mifugo kwetu," alisema.

Nikaona tumeshaongea vya kutosha. Sokoni kwetu, sisi wauza mifugo, bei hupangwa kimya: mnashikana mikono chini ya shuka, mnaminyana vidole, watazamaji wasijue. Nikamnyooshea Mwalimu mkono chini ya shuka lake.

"Tumalizane kiume. Kidole kimoja, siku moja. Abaki ngapi?"

Akautoa mkono wake. "Abba Saadia, ukinunua mbuzi humwulizi mbuzi. Huyu ni mbuzi?"

"Hata beberu aliruhusiwa kulalamika," Saadia akasema, akaingiza mkono wake mahali pa ule wa mzee. "Kidole kimoja, mwezi mmoja, Baba."

Nikaminya kimoja. Akanishika vyote vitano. Nikapanda hadi viwili. Vitano. Vitatu. Vitano.

"Binti, hata wauza miraa hushuka kidogo!"

"Wao kesho wana mzigo mwingine. Mwalimu leo hakuuona ukurasa niliomwekea mbele. Macho yake hayaningoji."

Mzee alikuwa ameizima redio. Nikahesabu vidole vya binti yangu, nikarudia. Kisha nikavishika vyote.

"Mmemaliza?" Mwalimu akauliza.

"Muulize muuzaji. Mimi nimekwisha."

Jumatano nilirudi kwa lori la mbuzi, peke yangu. Nilichojifunza ni hiki: nguvu yangu sokoni hutokana na kuweza kugeuka niende zangu. Kwa Saadia nisingeweza, naye alilijua hilo kabla sijashuka bodaboda.

Leo ni Alhamisi. Fomu nimesaini. Umebaki mstari mmoja: sababu ya kuahirisha, iandikwe na mzazi. Nikisema anaumwa, watapiga muhuri upesi, lakini Saadia ataisoma. Nikiandika ukweli, karani ataniona nimechanganyikiwa. Wazazi wenzangu, ofisi inafunguliwa kesho saa mbili. Hapo niandike nini?